Upepo Unapokatika: Kuishi na Fukuto Katika Visiwa vya Wabajuni

Mtu wa bara anaposhuka pwani kwa mara ya kwanza hulalamikia jua. Mwenyeji wa pwani hulalamikia upepo, pindi unapokatika. Katika tofauti hiyo ya malalamiko imo elimu nzima ya kuishi na joto la pwani, nayo yaweza kusomwa vizuri katika visiwa vya Wabajuni, vilivyojipanga sambamba na pwani ya kusini ya Somalia, kutoka Kismayo hadi karibu na Ras Kiamboni mpakani mwa Kenya.

Ngumi ni mojawapo ya visiwa hivyo. Vingine vinavyojulikana ni Koyama, Chovai na Chula. Ni visiwa vyembamba vya mawe ya matumbawe, vyenye bahari kuu upande mmoja, na upande wa pili mlango wa bahari wenye maji haba na mikoko. Wenyeji husema Kibajuni, lahaja ya Kiswahili inayosemwa pia Kiunga, Faza na Kizingitini upande wa Kenya. Mwaka 1925 Uingereza iliikabidhi Italia nchi ya Jubalandi, na visiwa vikatoka mikononi mwa mtawala mmoja vikaingia mikononi mwa mwingine. Watawala walikuja wakaenda. Fukuto la mwezi wa Aprili halikwenda popote.

Fukuto hilo si jambo la kukosesha starehe tu. Mtoto mchanga, mzee, mama mjamzito na mgonjwa wa moyo waweza kupata madhara makubwa, hata kupoteza maisha, ndani ya chumba chenye joto na hewa iliyosimama, ingawa kipimajoto hakionyeshi hesabu ya kutisha. Kwa hiyo yafaa kila mwenye nyumba aelewe jinsi joto hili linavyofanya kazi, na jinsi watu wa visiwani walivyojifunza kulikabili.

MAJIRA YA TANGA MBILI

Katika nchi za Ulaya kiangazi huja kwa sababu mchana huwa mrefu na jua hukawia kutua. Karibu na Ikweta mambo si hivyo. Kismayo iko kusini kidogo tu ya mstari huo, na usiku na mchana hulingana karibu mwaka mzima. Kinachougawa mwaka wa Mbajuni ni pepo mbili. Kaskazi huvuma tangu Desemba hadi Machi, na ndio upepo ulioleta majahazi ya Arabuni na Ghuba tangu zama za kale. Kusi huvuma tangu mwezi wa Mei hivi hadi Septemba, nao ni upepo wenye nguvu, unaochafua bahari hata wavuvi wa vyombo vidogo wakalazimika kukaa pwani kwa wiki nyingi.

Kati ya pepo hizo mbili kuna kipindi ambacho mabaharia hukiita malelezi, au tanga mbili. Hakuna upepo mmoja unaotawala. Chombo chaweza kwenda huku au kule, na pengine hakiendi kabisa. Kipindi hicho huja mara mbili kwa mwaka, lakini kile cha Machi na Aprili ndicho kizito zaidi. Mambo matatu hukutana wakati huo. Kwanza, kufikia tarehe 21 Machi hivi jua huwa la utosi katika sehemu za Ikweta. Pili, bahari imekwisha kuota jua miezi kadhaa, na maji yake hufikia karibu nyuzi 29 za Sentigredi. Tatu, kaskazi imechoka na kusi haijaamka.

Mwezi wa Septemba jua hurudi tena utosini, lakini watu hawaumii kama Aprili, maana bahari imepoozwa na miezi ya kusi na upepo ungali unavuma. Jambo hili peke yake ladhihirisha kwamba si jua linaloleta taabu yote.

Hesabu za kipimajoto pia zasema hivyo. Mjini Kismayo joto la mchana katika Machi na Aprili ni nyuzi 32 hivi, na katika Julai na Agosti ni nyuzi 28 hivi. Tofauti ni nyuzi nne tu. Msafiri atokaye jangwani, ambako nyuzi 40 si ajabu, angeweza kucheka akisikia kwamba watu wanalalamikia nyuzi 32. Lakini msafiri huyo huyo akilala usiku mmoja wa tanga mbili, atageuka kitandani hadi alfajiri, shuka imemganda mwilini, asijue alichokosea.

MTUNGI NA MWILI

Alichokosa ni upepo wa kukausha jasho. Mwili wa binadamu hutaka kubaki katika nyuzi 37. Kazi, chakula na hata pumzi huzalisha joto ndani yake, na joto hilo lazima litoke. Katika nchi yenye joto njia kubwa ya kulitoa ni jasho. Watu wengi hudhani jasho linapotiririka ndipo mwili unapopoa. Sivyo. Jasho lidondokalo chini limekwenda bure. Jasho lipoozalo ni lile linalogeuka mvuke juu ya ngozi, kwa kuwa linapogeuka mvuke huchukua joto la mwili na kwenda nalo.

Mama yeyote wa pwani anayeweka maji katika mtungi wa udongo anaijua kanuni hii, hata kama hajawahi kuiona katika kitabu cha shule. Mtungi hupenyeza maji kidogo kidogo, ukuta wake wa nje ukalowa, na maji hayo yanapokauka hupooza yale yaliyobaki ndani. Ndiyo maana mtungi huwekwa kivulini mahali panapopita upepo, wala hauwekwi kwenye kona iliyozibwa. Mtungi uliozibiwa upepo hulowa tu, na maji yake hubaki ya uvuguvugu. Mwili nao ni vivyo hivyo.

Sasa tazama hewa ya pwani. Hewa ya Kismayo kwa kawaida hubeba robo tatu au zaidi ya mvuke wote inaoweza kuuchukua. Imekaribia kushiba. Jasho likitaka kuingia humo halipati nafasi, isipokuwa upepo uiondoe hewa iliyo karibu na ngozi na kuleta nyingine. Upepo ukikatika, tabaka jembamba la hewa lililouzunguka mwili hushiba kabisa, na jasho hubaki ngozini likileta harara na uchovu.

Wataalamu hupima hali hii kwa kipimajoto kilichofungwa kitambaa kibichi, ambacho huonyesha joto na unyevu kwa pamoja. Kwa muda mrefu iliaminika kwamba kipimo hicho kikifika nyuzi 35, hata mtu mwenye afya njema aliyekaa kivulini hawezi kudumu saa nyingi. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania State, Marekani, walitangaza kwamba hata kwa vijana wenye afya mwili huanza kushindwa mapema zaidi, karibu na nyuzi 31, hewa ikiwa na unyevu mwingi. Kwa wazee na wagonjwa yafaa kudhani kwamba mpaka huo uko chini zaidi.

PAA LILETALO MAJI NA MOTO

Katika Ngumi yapo magofu ya mji wa kale uliojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kama miji mingine mingi ya pwani hii. Ujenzi huo waweza kuonekana ungali hai mjini Lamu. Kuta zake ni nene, na vyumba vyake ni virefu lakini vyembamba, kwa sababu upana wa chumba ulipimwa kwa urefu wa boriti za mikoko zilizobeba dari. Ukuta mnene hukawia kupata moto, hivyo ndani huwa na nafuu wakati wa adhuhuri. Lakini una deni lake: joto lililoingia mchana hutoka usiku. Ndiyo sababu watu wa nyumba za mawe walipenda kukaa barazani na kulala juu ya dari au uani miezi ya fukuto ilipofika.

Nyumba ya fito na udongo iliyoezekwa kwa makuti au majani ya mkoma ina tabia nyingine. Haiweki joto kwa muda mrefu, na paa lake hupumua: hewa ya moto hupanda na kupenya, hewa nyingine ikaingia mlangoni. Nyumba ya namna hiyo, ikiwa na mlango wa mbele na mlango wa nyuma vinavyotazamana, ni chombo kizuri cha kuvulia upepo. Mlango mmoja peke yake hautoshi, kwani upepo hauingii mahali usipoona pa kutokea.

Kisha limekuja bati. Bati lililopigwa na jua la adhuhuri laweza kuzidi nyuzi 60, na joto hilo huwashukia walio chini yake kama joto la tanuri. Ni rahisi kuwalaumu walioacha makuti, lakini lawama hiyo si ya haki. Makuti huoza, hushika moto, na baada ya miaka michache hutaka kubadilishwa. Zaidi ya hayo, visiwa hivi havina mito. Mwenye paa la bati, akiweka mfereji na pipa, huvuna maji ya mvua safi, ambayo paa la makuti haliwezi kumpa. Katika nchi inayopata takriban milimita 400 tu za mvua kwa mwaka, hiyo ni hoja nzito. Paa lile lile limletealo maji ndilo limletealo moto.

Basi jibu si kung'oa mabati. Jibu ni kuyatawala. Njia ya kwanza ni kuweka dari ya mikeka, ya makuti au ya mbao nyepesi chini ya bati, kwa kuacha nafasi ya hewa katikati, na kufungua matundu katika ncha mbili za paa ili hewa ya moto itoke. Njia ya pili ni kulipaka bati rangi nyeupe, kwani rangi nyeupe hurudisha sehemu kubwa ya mwanga wa jua. Mwenye kuchota maji ya paa lake kwa kunywa ahakikishe kwanza kwamba rangi hiyo haina sumu. Njia ya tatu ni kugawa nyumba: bati likae juu ya ghala na sebule, maji yavunwe hapo, na chumba cha kulala kiezekwe kwa makuti.

Kitanda nacho kina neno lake. Kitanda cha kamba chenye mkeka hupitisha hewa chini ya mwili. Godoro nene la sponji huuvika mwili blanketi ambalo haukuliomba. Chandarua kisiachwe, maana mvua za masika huleta mbu na malaria. Kinachotakiwa ni kukisogeza kitanda hadi kwenye njia ya upepo, kati ya mlango na dirisha.

SAA ZA KAZI, NGUO NA JIKO

Hata katika tanga mbili, upepo hauishi kabisa. Nchi kavu hupata moto upesi kuliko bahari, na hupoa upesi kuliko bahari. Kwa hiyo alfajiri huvuma umande, upepo mwanana utokao nchi kavu, na tangu adhuhuri hadi jioni huingia upepo wa bahari. Wavuvi wa tanga wamepanga kazi zao kwa kuufuata mzunguko huo: umande huwatoa, upepo wa bahari huwarudisha. Kazi nzito za nchi kavu, kama kuchimba, kupasua kuni na kubeba mizigo, nazo zafaa kumalizwa kabla ya saa nne asubuhi au kungojea alasiri. Mwenye kupumzika adhuhuri katika mwezi wa Aprili asiitwe mvivu. Anaulinda moyo wake.

Nguo iwe ya pamba, nyepesi na pana. Kikoi, kanga na kanzu ya pamba hunyonya jasho na kuliachia upepo. Nguo za nailoni hulizuia. Kipepeo cha ukindu si cha kudharauliwa, wala pangaboi pale penye umeme, kwa kuwa hewa ya pwani hii kwa kawaida haizidi joto la ngozi, na kila inapotikiswa huleta nafuu. Kanga iliyoloweshwa na kuwekwa shingoni, kisha mtu akajipepea, hufanya kazi ileile ya mtungi.

Jiko litolewe nje ya chumba cha kulala. Moto wa kuni uliowashwa jioni ndani ya nyumba hukesha pamoja na wenye nyumba.

Samaki naye huharibika upesi mno katika joto hili. Jodari, nguru na samaki wa jamii yao, wakiachwa juani saa chache, huweza kutengeneza sumu inayoleta wekundu wa uso, kichwa kuuma na kutapika. Na sumu hiyo haiondoki kwa kupikwa. Samaki wa namna hiyo afunikwe asipigwe jua, atiwe barafu ikiwepo, na apikwe siku ileile, au apasuliwe na kutiwa chumvi mapema awe ng'onda.

MAJI NA WANYONGE WA NYUMBANI

Mtu afanyaye kazi katika joto aweza kupoteza lita moja ya jasho kwa saa. Katika kisiwa cha matumbawe, kuirudisha lita hiyo si jambo jepesi. Maji ya mvua yaliyopenya ardhini huelea juu ya maji mazito ya bahari, na kisima kikichotwa kupita kiasi, chumvi hupanda. Wabajuni na jirani zao wa Pate, Ndau na Kiwayu wamejenga majabia, yaani mabirika makubwa ya kukusanyia mvua, ili kupunguza taabu hiyo. Jabia lisafishwe na lizibwe nyufa kabla ya masika, kwani mvua haimngoji fundi.

Mtu asingoje kiu kali ndipo anywe. Mkojo ukiwa mweusi na haba, maji yamepungua mwilini. Mwenye kuharisha katika majira haya yuko hatarini maradufu, na apewe maji ya chumvi na sukari: lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupozwa, vijiko sita vya chai vya sukari, na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa, pasipo kuzidisha chumvi. Mtoto aliye chini ya miezi sita hahitaji maji hata katika fukuto. Anyonyeshwe mara nyingi zaidi, na mama yake ndiye anywe maji. Asifunikwe nguo nzito kwa kuogopa kijibaridi kisichokuwapo.

Mzee anayeishi peke yake atazamwe asubuhi na jioni, maana uzee hupunguza kiu na jasho pia. Kizunguzungu, kichefuchefu, misuli kukakamaa na jasho jingi ni dalili za kuelemewa na joto. Mgonjwa apelekwe kivulini, alazwe, apewe maji. Lakini akianza kuweweseka, akachanganyikiwa au kuzimia, na mwili wake ukawa moto sana, hiyo ni hatari ya kifo. Amwagiwe maji mwili mzima papo hapo, apepewe kwa nguvu, na apelekwe hospitali huku akiendelea kupozwa. Asinyweshwe kitu akiwa amezimia.

WALIOTENGWA NA UPEPO

Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe kuanza Somalia mwaka 1991, Wabajuni wengi walikimbia visiwa vyao. Wapo waliofika Mombasa na kukaa katika kambi za wakimbizi, wapo waliorudi baadaye, na wapo waliobaki katika miji. Mtu aliyezaliwa mahali ambapo kila mlango ulitazama upepo, akajikuta katika kibanda kilichobanwa na vibanda vingine, alipoteza zaidi ya ardhi. Mjini Kismayo pia familia nyingi zilizohama makwao zimeishi katika vibanda vya fito zilizopindwa na kufunikwa vitambaa na plastiki. Plastiki huzuia mvua, lakini huzuia na upepo. Humo ndimo mama hulea mtoto wake katika Aprili.

Wakati huo huo bahari yenyewe inazidi kupata joto. Mwaka 1998 maji ya magharibi ya Bahari ya Hindi yalipata joto la kupita kiasi, na matumbawe mengi yakageuka meupe na kufa, pamoja na yale ya Kiunga. Bahari yenye joto zaidi hutoa mvuke zaidi, na usiku wa tanga mbili huwa mzito zaidi.

Kwa hiyo wanaopanga kambi, shule na mitaa mipya ya pwani hawana budi kuuliza, kabla ya kuuliza bei ya bati, upepo unatoka wapi na utapita wapi. Nafasi ya hatua chache kati ya kibanda na kibanda, tundu la pili mkabala na la kwanza, mkeka chini ya paa, na kivuli cha mti mmoja uani, ni vitu visivyohitaji umeme wala fedha za kigeni. Na mwenye nyumba asingoje mpango wa mtu. Kaskazi ikianza kulegea, akague matundu ya paa lake, atoboe dirisha la pili, ausogeze mtungi na kitanda cha mtoto penye upepo. Kazi hiyo ni ya siku moja, nayo yafaa ikamilike kabla ya Machi kwisha.